Nilibadili Dalali, Geti Likabaki Kimya

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya, na wengi wenu mlinipigia simu kunipa pole. Nawashukuru. Ila yule aliyenitumia ujumbe kwamba mimi ni mwanaume suruali, ningependa tukutane ana kwa ana.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti, naitwa Reginald, Mchaga mzaliwa wa Kibosho kule Moshi, mkazi wa Sombetini hapa Arusha. Nilikuwa na duka la vipuri, likaungua. Bado nalilia duka, wezi wakaingia nyumbani mchana kweupe, wakamfunga mke wangu Simaloi kwa kamba ya kuanikia nguo. Binti yetu Princess alikuwa chini ya kitanda, akisikia kila kitu.

Walichukua televisheni na mtungi wa gesi. Usingizi wa mke wangu nao uliondoka siku hiyo hiyo.

Simaloi alivumilia mpaka akashindwa. Akamchukua mtoto, akarudi kwao Oldonyo Sambu, upande wa pili wa Mlima Meru. Maneno aliyoniachia mlangoni ninayo mpaka leo.

"Baba Princess, wewe sijakuacha. Nimeiacha hii nyumba. Siku ukiiuza njoo unichukue, hata kama tutalala kwenye turubai."

Basi ndiyo maana nauza nyumba. Siuzi kwa sababu ya njaa, ingawa njaa ipo. Nauza ili mke wangu arudi.

Msomaji mmoja wa Ngaramtoni ameuliza kwa nini nisipange vyumba viwili kwingine, tukaishi huko. Ndugu yangu, nilimwambia hivyo hivyo. Alinijibu kwamba nikiwa bado na nyumba ile, siku moja nitamrudisha humo. Ananijua vizuri.

Sasa nisikilizeni.

Dalali wangu wa kwanza alikuwa Gidion. Mtu mzima, mpole, mwenye pikipiki inayokohoa. Alikuja, akaikagua nyumba, akaisifia, akafunga kibao getini kwa waya: NYUMBA INAUZWA, na namba yake ya simu.

Tukaanza kusubiri.

Aliyesubiri kuliko wote alikuwa dada yangu Pudensiana. Huyu ni dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea wazazi wetu walipofariki. Tangu ndoa yake ilipovunjika anaishi kwangu, kwenye chumba cha uani. Kila asubuhi alifagia uwanja, akamwagilia maua, akachemsha chai ya tangawizi na kuiweka kwenye chupa.

"Mteja asije akakuta nyumba imenuna," alikuwa akisema.

Mteja hakuja. Chai tuliinywa wenyewe, siku nenda siku rudi, mpaka harufu ya tangawizi ikanichosha.

Jamani, Sombetini hii hii! Huku ukipanga matofali matano tu mbele ya nyumba, mtu anasimama kuuliza kama yanauzwa. Nyumba ya jirani yangu, ambayo haina hata dari, ilipata mnunuzi huku naangalia. Yangu ina maji ndani, ina hati, ina geti la chuma, na hakuna hata aliyepita kuchungulia.

Nikampigia Gidion.

"Gidion, vipi huko?"

"Tunapambana, mangi."

"Unapambana na nani? Mbona siwaoni majeruhi?"

Akacheka kidogo. "Mangi, ngoja nikuulize. Hapo nyumbani mko sawa?"

"Sawa kivipi?"

"Yaani familia. Mlikaa mkakubaliana juu ya kuuza?"

"Gidion, nimekupa nyumba uuze. Sijakupa ndoa yangu."

"Sawa, mangi. Mimi nasema tu. Kaeni kwanza mkubaliane."

Mwenye akili timamu angemuuliza anasema hivyo kwa nini. Mimi nilimkatia simu.

Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mnafu. "Anasemaje?"

"Ananiuliza habari za familia yangu! Dalali!"

"Huyo ni mvivu," dada akasema, macho yakiwa kwenye mboga. "Mvivu akishindwa kazi hutafuta sababu. Mtoe, mdogo wangu. Dalali siyo mchumba, kwamba mpaka mbembelezane."

Dada akishasema, mimi huwa sina la kuongeza. Nikachukua kofia yangu, nikaenda kijiweni kwa Gidion.

Nilimkuta na madalali wenzake, kila mtu na simu yake. Kama ningemvuta pembeni, pengine hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini hasira zangu zina pupa, haziwezi kusubiri pembeni.

"Gidion, wewe ni dalali au ni mchungaji?"

"Mangi, tuongee pale kwenye kivuli."

"Kivulini kuna nini? Kama unangoja nikate tamaa uniletee mteja wako wa bei ya kutupa, sema hapa hapa, wenzako wakusikie!"

Vijana wa bodaboda wakasogea, maana ugomvi wa bure hauachwi upite. Gidion alipanda pikipiki yake, akaja mpaka getini kwangu, nami nyuma yake, akafungua waya, akakibeba kibao chake kwapani.

"Mangi, mambo ya mume na mke dalali haingii," akaniambia kabla ya kuondoka. "Utakuja kuelewa mbele ya safari."

Nilimwambia aende na safari yake.

Dalali wa pili nililetewa na shoga yake dada wa kanisani. Oscar, kijana wa Sekei, viatu vyeupe, simu mbili.

"Mzee shikamoo. Hii nyumba ilikuwa inauzwa kama mbuzi wa mnadani. Sasa chalii wako nimefika."

"Marahaba. Utafanya nini ambacho mwenzako hakufanya?"

"Mtandao, mzee. Siku hizi mteja haletwi na waya wa kibao."

Akatoa kidude kwenye begi, akakirusha angani, kikawa kinavuma juu ya bati. Kuku wa jirani walijua ni mwewe, wakatawanyika. Oscar akapiga video ya nyumba kutoka juu, Mlima Meru ukiwa nyuma, akaiwekea muziki. Nilipoiona kwenye simu, hata mimi nilitamani kuinunua.

Kweli, simu zilianza. Oscar akawa ananipa taarifa kila saa kama mtangazaji wa mpira.

"Mzee, Jumamosi una wageni. Kuna daktari, na kuna jamaa mmoja wa magari ya utalii. Hao wote wana nia."

Jumamosi nikavaa shati la kanisani. Dada akachemsha chai, safari hii akaongeza na maandazi. Tukakaa barazani tukiangalia geti.

Mchana Oscar akapiga. "Mzee, daktari amepata dharura."

"Na wa magari?"

"Ameahirisha."

"Ameahirisha mpaka lini?"

"Hajasema, mzee. Ila alisema nyumba ni nzuri."

Wiki iliyofuata nikaambiwa kuna mama wa Njiro, mfanyabiashara, hana maneno mengi. Sikukaa barazani tena, nilisimama barabarani kabisa. Nililiona gari lake kwa macho yangu. Likaja taratibu, likasimama mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, mama akashuka, akaingia. Alipotoka alipanda gari, akageuza, akarudi alikotoka.

"Oscar, yule mama amegeuza kwa nini?"

"Mzee, hata mimi sielewi. Ameniambia atanipigia."

"Na wewe usije ukaniuliza kama familia iko sawa. Nitakutafuna."

"Sijasema kitu, mzee."

Jioni ile nilimpigia Simaloi, kama nifanyavyo kila jioni.

"Wamekuja?" Hata salamu hakunipa.

"Wapo njiani."

"Baba Princess, hiyo ni njia gani isiyofika?"

"Nimebadili dalali. Huyu wa sasa ni wa kisasa, anauza kwa mtandao."

"Kaka ananiuliza kila siku, mama ananiuliza kwa macho. Nimechoka kuwajibu. Na mwalimu wa shule ya huku amesema nimlete Princess, nafasi ipo."

"Umeshampeleka?"

"Bado. Nimesema nikungoje mpaka wiki hii iishe."

Nilikata simu. Mtoto akishavaa sare ya shule ya huko, mama yake ataanza kulima huko, na mimi nitakuwa mgeni wa sikukuu. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa kuliko siku duka lilipoungua.

Dada alinisikia nikihema. Akaja na kikombe cha chai, akakaa karibu yangu.

"Mdogo wangu, labda Mungu hataki hii nyumba iuzwe."

"Dada, Mungu hanunui nyumba Sombetini."

"Usikufuru. Mimi nasema tu. Mwanamke akikupenda atarudi, nyumba iwepo isiwepo."

Nilikunywa chai yake, nikamwona ana busara.

Asubuhi nilimfuata rafiki yangu Arnold. Huyu ndiye aliyenipa kona ya duka lake niuzie vipuri vyangu vichache vilivyopona. Ni mtu wa Marangu, anapenda michezo ya kuigiza kuliko biashara.

"Arnold, leo wewe ni mteja."

"Mteja wa nini?"

"Wa nyumba yangu. Mpigie Oscar, mwambie una pesa mkononi. Wanachofanya wateja wote, na wewe ukifanye. Nataka kujua wanapotelea wapi."

Macho yakamwaka. Alikwenda nyumbani akavaa koti lake la harusi, ambalo vifungo vilishaacha kukutana, akampigia Oscar akijiita mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Mang'ola. Aliondoka dukani akitembea kitajiri, nikabaki nacheka peke yangu.

Aliporudi hakuwa anacheka.

"Umeionaje nyumba?"

"Sijaiona, Reji."

"Oscar hakukupeleka?"

"Nilimwambia anipeleke kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Si uliniambia nifanye kama wanavyofanya wateja wa kweli? Mteja mwenye akili haangalii nyumba kabla hajauliza kwa mwenyekiti kama ina mgogoro. Nani atanunua kesi?"

"Hilo najua. Nyumba yangu haina mgogoro."

Arnold akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kaunta. Alinitazama kama mtu anayetafuta namna ya kuleta habari za msiba.

"Inao. Mwenyekiti anasema mke wa mwenye nyumba hajaridhia. Amemwomba mwenyekiti kwamba kila anayekuja kuulizia aambiwe nyumba haiuzwi. Na nyumba ya ndoa, Reji, bila mke kuridhia hakuna wa kuigusa."

"Mke gani?"

"Una wangapi?"

"Na Oscar?"

"Ameishiwa nguvu pale pale. Amesema umtafute mwingine, yeye video zake hawezi kuziingiza kwenye kesi."

Sikumbuki nilitokaje dukani. Nakumbuka niko mbele ya meza ya mwenyekiti wetu wa mtaa, Lesian, kijana aliyeingia kwenye uchaguzi uliopita. Sikuwahi kukanyaga ofisini kwake. Nilimwona mdogo, nikasema huyu atanisaidia nini?

"Shikamoo, mzee Reginald."

"Marahaba. Nani amekuambia nyumba yangu ina pingamizi?"

"Mkeo, mzee." Alijibu kwa upole, lakini hakurudi nyuma. "Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye hicho kiti. Alijitambulisha kuwa ni mke wako. Alilia sana. Alisema unauza nyumba umtupe barabarani."

"Kwa nini hukuniita?"

"Aliniomba nisikuite. Alisema ukijua utampiga."

Hapo ndipo nilipokwisha. Mimi nina mdomo, sikatai. Nina hasira, mnazijua tangu sehemu ya kwanza. Lakini mkono wangu haujawahi kumgusa Simaloi, Mungu ni shahidi.

"Mzee, akina mama wangapi wameamkia nje na watoto, kwa sababu sisi viongozi tulikaa kimya?" Lesian akaendelea. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Wasomaji wangu, kulikuwa na swali moja tu la kumuuliza yule kijana, na lingeniokoa. Ningemuuliza huyo mama alikuwaje. Sikuuliza. Mtu anaulizaje mkewe mwenyewe alikuwaje? Wahenga walisema hasira hasara, nami nilikuwa nimeshaomba pikipiki ya Arnold.

Njia nzima ya Oldonyo Sambu nilikuwa najenga kesi. Kumbe ananiambia uza, huku nyuma anaziba! Anataka kuniacha lakini lawama zibaki kwangu, ili kesho aseme, mume wangu alishindwa hata kuuza nyumba. Na mtoto ameshatafutiwa shule. Kila nikipanda kilima, kesi inakua.

Ukweni kwangu kuna taratibu, na nimezishika tangu nianze kuingia boma lile. Mkwe akifika haanzi na neno lake. Anasalimia, anakaa, anapewa chai ya maziwa, anaulizwa hali ya mifugo hata kama hana kuku. Zaidi ya yote, mbele ya mama mkwe sauti haipandi. Wapo wanaume wa pale ambao mpaka wamezeeka hawajawahi kumtazama mama mkwe usoni.

Siku hiyo nilizishusha taratibu zote hizo nje ya boma pamoja na pikipiki.

Shemeji yangu Lemburis alikuwa akirekebisha miiba ya zizi. "Shemeji! Karibu, karibu sana."

"Simaloi yuko wapi?"

"Kaa kwanza upumzike."

"Sikuja kukaa!"

Princess ndiye aliyetoka wa kwanza, mbio, mikono mbele. "Baba!" Nilimsogeza kando. Nasema hili kwa aibu, nilimsogeza kando mtoto ambaye nilikuwa nimemkumbuka mpaka naota.

Simaloi akatokea mlangoni, mama yake nyuma yake.

"Hongera," nikamwambia. "Umefaulu."

"Baba Princess, mama yupo hapa."

"Si asikie! Mama, sikia ulichonizalia! Umenizalia mnafiki!"

Lemburis aliacha miiba ikaanguka. Mama mkwe alijifunika kichwa kwa shuka, akageuza uso ukutani. Nami niliendelea. Gari likishakatika breki mteremkoni linasimamia chini.

"Umekwenda kwa mwenyekiti ukanililia! Umesema nitakupiga! Mimi nimekupiga lini? Nahangaika na madalali, nagombana na watu, nalala njaa, kumbe wewe unawageuza wateja barabarani! Kama hunitaki si ungesema!"

Simaloi hakulia. Aliuliza swali moja, taratibu.

"Nilikwenda lini?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza, kwa sababu tangu nilipofika huku sijarudi mjini hata siku moja. Muulize kaka. Muulize mchungaji, kila Jumapili ananiona. Mwenyekiti mwenyewe hata simjui sura."

Nilimgeukia Lemburis, naye akaitikia kwa kichwa.

"Shemeji," Lemburis akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Una namba ya huyo mwenyekiti?"

Nilikuwa nayo, imebandikwa kwenye kila nguzo ya mtaa wetu. Akapiga, akaweka sauti kubwa, akaishika simu katikati yetu.

"Mwenyekiti, habari. Mimi ni kaka wa mke wa Reginald. Huyo mama aliyekuja kwako kuzuia nyumba isiuzwe, alikuwaje?"

"Salama, kaka. Ni mama mtu mzima, amejazia kidogo. Ana miaka hamsini na kitu hivi."

Simaloi wangu hajafika thelathini na tano, na upepo ukivuma vibaya unaweza kumsukuma.

"Alikuwa anaongea Kimaasai?"

"Kimaasai? Hapana. Tulikuwa tunaongea Kiswahili, ila alipigiwa simu akiwa hapa, akaongea Kichaga kama maji. Mpaka nikajua huyu ni mtu wa Moshi. Kwani kuna tatizo?"

Lemburis akamshukuru, akakata.

Simaloi anajua Kichaga cha salamu tu, na hata hizo akizitamka watu wanacheka. Mwanamke mtu mzima anayeongea Kichaga nyumbani kwangu ni mmoja. Ndiye aliyefagia uwanja. Ndiye aliyechemsha chai. Ndiye aliyesema, "Mtoe, mdogo wangu."

Nilikaa chini, kwenye vumbi, bila kukaribishwa.

Mtafikiri nilimkasirikia dada. Hapana. Hasira yote nilikuwa nimeshaimaliza kwa mtu asiyestahili, nilibaki na machozi. Dada yangu ana chumba kimoja duniani, nacho kiko uani kwangu. Muda wote nilipokuwa nikisema nitauza, nitajenga, nitahama na mke wangu, sikuwahi kumwambia yeye ataweka wapi kitanda chake. Sikuwahi hata kuwaza. Alikuwa ananiuliza kwa chai, nami nilikuwa nakunywa.

"Ni dada," nikasema.

"Najua," Simaloi akajibu. "Nimesikia."

"Nisamehe, mama Princess."

"Kesho nilikuwa narudi."

"Unasemaje?"

"Nilikuwa narudi Sombetini, kwenye nyumba ile ile. Nilimwambia mama leo asubuhi. Nikamwambia, mume wangu amehangaika vya kutosha, nyumba haiuziki, nitajifunza kulala humo. Mzigo nimeshafunga, upo pale ndani."

Kama angenichapa kofi ningeumia kidogo kuliko hapo. Nilipiga magoti mbele ya shemeji yangu na mwanangu, sikujali.

"Twende, basi. Twende leo hii. Pikipiki ipo."

Simaloi alimtazama mama yake.

Mama mkwe alikuwa bado ameangalia ukuta. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kununulia chumvi na sukari. Alianza kuongea kwa Kimaasai, polepole, bila kugeuka. Alipomaliza, Lemburis alinitafsiria.

"Mama anasema, wewe hajawahi kukukabidhi binti yake. Siku ile ya harusi mama hamkabidhi mwanaume, anamkabidhi mama mwenzake. Alikuja mwanamke wa kwenu, akasimama mahali pa marehemu mama yako, akamshika mkono, akaahidi kwamba Simaloi atakuwa binti yake wa kumzaa. Mama anasema leo umemtukania tumbo lake, kwa hiyo mambo yanaanza upya. Simaloi hatoki hapa mpaka yule mama aliyekabidhiwa aje mwenyewe, akae mbele ya wazee, amwombe upya, na aape kwamba nyumba ya binti yetu iko salama mikononi mwake."

Mwanamke aliyesimama mahali pa mama yangu siku ile, akiwa amevaa vitenge vipya na machozi ya furaha, ni dada Pudensiana.

Lemburis akachuchumaa karibu yangu, akashusha sauti.

"Shemeji, mama hayo ya kwenye simu hakuyashika. Hajajua kwamba ni mtu huyo huyo. Nimwambie mimi, au utamwambia mwenyewe?"

Niligeuka nimtazame Simaloi, anisaidie. Mahali aliposimama hapakuwa na mtu. Alikuwa ameshaingia ndani, na nilimsikia anaufungua ule mzigo, anatoa nguo moja moja, anamwita Princess amsaidie kuzirudisha mahali pake.